Jogoo ya Mama Bénite

9 septembre

Mimi Katungu, mama ya Nadège, ninaandika hapa na mukono yangu mwenyewe. Masomo yangu iliishia mwaka ya sita ya primaire, mais mwandiko yangu hata padri aliisifu. Ninaandika juu habari ya leo ni kubwa kupita kinywa, na kinywa yangu batu ya quartier bote banaijua.

Nadège amepata kazi. Si kazi ya kupewa tu: yeye njo atapatia bengine kazi! Kampuni moja ya Danemark inafungua depo ya kakao kule Beni, barabara ya kwenda Mangina. Batu batavundika kakao mu masanduku ya mbao, bataianika, batachagua mbegu nzuri na mbaya. Na mwenye kuchagua hao batu, kuandika mikataba yao, kuangalia kama sheria inafuatwa, ni mutoto niliyembeba mu mugongo hapa hapa Butembo nikiuza maharagi.

Alinipigia simu asubui. Aliniambia: "Mama, hawa bazungu banaogopa sana. Kuajiri batu mu inchi ya kigeni si muchezo. Kosa moja tu, inspection ya kazi inakuya kufunga mulango."

Nikamuuliza: "Inchi gani ya kigeni?"

"Congo, mama. Ni sisi."

Nilikaa chini. Nimezaliwa Vuhovi, nimeolewa Butembo, nimezika bazazi yangu bote hapa, kumbe siku zote nilikuwa mu inchi ya kigeni na hakuna mutu aliniambia!

10 septembre

Nimeambia bamama ya chorale.

11 septembre

Nimeambia na soko.

15 septembre

Nadège alishuka toka Beni siku ya Yenga, siku ya misa, akakula fufu na sombe yangu ya majani ya muhogo, kisha akatoa Code du travail, sheria ya kazi, mu sakoshi. Kitabu kizito. Akaanza kututafsiria, mimi na baba yake Siméon.

Akasema: mwanamuke mwenye amezaa, anapumzika juma kumi na ine, kazi inamungojea, na analipwa. Nikasema: "Mama wee! Analipwa kulala na mutoto?" Akasema: mufanyakazi akigonjwa, patron analipa dawa. Bibi yake akigonjwa, patron analipa. Batoto nao, patron analipa. Nikapiga mikono. Nikamuuliza kama hao ba-Danois banaleta sheria nzuri hivi, juu ya nini hawakukuya zamani?

Akanitazama na macho ya kunihurumia. "Mama, hii si sheria ya Danemark. Ni sheria yetu. Ya Kinshasa. Ilikuwa hapa mbele mimi nizaliwe."

Siméon, bwana yangu, alifanya miaka mingi mu fabrique moja ya kahawa, na mashini ilimukata kidole. Patron alimutumia kilo mbili ya sukari na neno: pole, tutaonana kazi moja, siku ya kwanza ya juma. Ile sukari tuliikunywa mu chai na tukamubariki patron.

Siméon aliangalia ule mukono yake, kisha akauficha chini ya meza kama vile ni yeye aliiba kitu.

Nimeshangaa mupaka sasa. Sheria ilikuwa inalala mu kitabu, na sisi tunalala njaa kando yake.

18 septembre

Mama Bénite amekuya. Huyu ni Syauswa, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, sauti ya pili mu chorale, mwenye hapendi kuimba nyuma yangu lakini anaimba. Amekuya na jogoo nyekundu, kubwa, miguu imefungwa na kamba ya mugomba, kichwa inatoka chini ya kitenge.

"Mama Nadège, nilipita tu kukusalimia."

Mutu hapiti tu na jogoo. Tuliongea mvua, tuliongea bei ya mafuta, tuliongea padri mupya mwenye mahubiri yake haiishe. Aliposimama kwenda akasema kwa sauti ya chini: "Bénite yangu naye aliweka dosi yake ya kuomba kazi kwa depo ya mutoto yako. Anajua kakao, alikulia kwa shangazi yake kule Mabalako."

Nikafungua miguu ya jogoo. Hivi njo desturi yetu: kuku ikiingia kwako imefungwa, na wewe ukaifungua, maneno imepokelewa. Kukataa kuku ni kukataa mutu. Mama yangu aliniambia, na mama yake alimuambia.

Sikuahidi kitu. Nilisema tu: "Nadège ni mutoto yangu, ananisikilizaka."

22 septembre

Kuku mbili. Mvua.

25 septembre

Kuku ingine, ya mama ya Mathe. Mathe alisomaka na Nadège. Kuku yenyewe ni konda mais mutu anatoa kile iko nacho.

30 septembre

Nyumba ya kuku imejaa. Siméon amesimama pale asubui na muswaki mu kinywa, akasema: "Mama Nadège, hii misioni ya kuku inatoka wapi?"

"Ni heshima ya batu."

"Heshima inakula mahindi mingi."

Huyu bwana yangu, akisema neno moja kwa siku lazima likuwe la kuchoma.

3 octobre

Nilimupigia Nadège. Nikamuambia tu, kwa upole, kwamba kuko binti moja anaitwa Bénite, mutoto muzuri, anafika ku misa mbele ya saa. Akanikata: "Mama, tafazali. Usinitajie majina. Jina lenye utaniambia, hilo njo litaniletea shida."

Nikasema basi, sikukuambia. Lakini nilikuwa nimekwisha kumuambia!

8 octobre

Majina imetoka. Bénite amechukuliwa! Mama Bénite alivuka barabara mu mvua bila kiatu, akanikumbatia mupaka kilemba yangu ikaanguka mu potopoto ya matope. "Wasingya, wasingya kutsibu! Asante sana! Mukono yako ni muzuri!"

Na mimi, badala ya kusema mukono yangu haikugusa kitu, nilisema: "Si nilikuambia ananisikilizaka?"

Mathe hakuchukuliwa. Batoto ya bamama bengine nao hapana.

13 octobre

Ku misa mama ya Mathe alinipatia amani ya Bwana na ncha ya vidole.

16 octobre

Maulidi amepita hapa. Ni Muislamu wa Beni, ana jeep, anapeleka mizigo mupaka Kampala, na sasa ile kampuni ya kakao njo imemukodisha kuendesha bakubwa yao. Yeye njo ananiletea habari ya Nadège, na mimi ninamupakia makemba, ndizi za kupika, ya bibi yake.

Akaniambia akicheka: "Mama, kule Beni banasema Butembo kuko bureau ya pili ya kuajiri. Banasema iko na manyoya."

Nikacheka naye. Nilizani ananisifu.

20 octobre

Leo sijui mikono itaandika nini. Mutu wangu wa kwanza wa kigeni alikaa kwa meza yangu, na mimi nilimuchoma mutoto yangu mbele yake. Mimi mwenyewe, na kinywa yangu yenye nilikuwa ninajisifia.

Nadège alinijulisha juzi kwamba Monsieur Anders, mukubwa toka Danemark, atapita Butembo na atakula kwetu. Anders kukula kwa Katungu! Nilikopa vikombe. Nilitandika kitambaa cha harusi. Na nikasema: kwa mugeni wa hivi, ni jogoo nyekundu ya Mama Bénite. Hakuna ingine.

Maulidi alipofika nao nikamuomba achinje yeye mwenyewe na dua yake, ili naye akule bila mashaka moyoni. Alichinja, nikapika na nyanya na vitunguu vya Lubero, na mafuta ya mawese kidogo, polepole, mupaka ngozi ikalegea.

Monsieur Anders ni murefu, na masikio ya pinki. Alikula. Alikula tena. Akaramba kidole, kweli, mukubwa muzima! Kisha akasema kitu kwa kiingereza, na Nadège akatafsiri: "Mama, anasema hajapata kula kuku tamu hivi. Anauliza unainunuaka wapi."

Hapo ningesema soko. Neno moja, soko, na leo ningelala vizuri. Lakini furaha ilikuwa imenijaa mupaka hapa, nikasema:

"Muambie hii haikununuliwa! Muambie ni mama ya Bénite aliileta, juu ya kazi ya binti yake. Na muambie si yeye peke yake. Mama ya Mathe naye, na bengine na bengine. Nyumba ya kuku imejaa! Muambie aone namna batu banapenda kampuni yake, na namna banamuheshimu Nadège!"

Kijiko ya Nadège ilisimama njiani. Siméon alifunga macho. Maulidi akaacha kutafuna.

Nadège alinitazama muda murefu, kama mutu mwenye anatazama gari inakuya na miguu inakataa kuruka. Nikazani hajasikia vizuri. Nikamusukuma na kiwiko: "Si utafsiri?"

Akageukia kwa Monsieur Anders. Akaongea. Hakuongea haraka, hakuongea polepole. Nilisikia Bénite mu ile kiingereza, nilisikia Mathe. Ile masikio ya pinki ikakuwa nyeupe. Akaweka mufupa mu sahani, taratibu, akaifunika na kitambaa kidogo, kama vile ni maiti.

Akauliza kitu. Nadège akajibu. Akauliza tena. Nadège akatikisa kichwa, hapana. Kisha akaniambia bila kunitazama: "Anauliza kama mimi nilijua. Nimesema hapana. Anauliza kama ninaweza kuhakikisha. Nimesema hapana."

Baliondoka bila chai. Keki ilibakia nzima. Nadège hakunibusu.

Maulidi akarudi kuchukua kofia yake, na mimi nikamushika mukono. "Maulidi, wewe unasikia kiingereza. Alimuambia nini? Alinilinda?"

Akatazama viatu vyake. "Mama, alitafsiri yote. Hakuacha hata kuku moja."

21 octobre

Simu yake haiite.

22 octobre

Mvua. Haiite.

23 octobre

Nimepika sombe nikaimwanga chini. Siméon aliniona, akachukua jembe akaenda kulima mahali pamekwisha kulimwa.

24 octobre

Maulidi ameleta habari. Majina yote ile ya mwanzo imefutwa. Hakuna mutu alikuwa amesaini mukataba, donc bataanza tena, batu bote, tangu mwanzo. Nadège amewekwa kando. Na mbaya zaidi: Monsieur Anders amempa mupaka 15 novembre. Kila kuku irudie kwa mwenyewe, yenye ilikuliwa ilipwe na ingine, mwenyewe akubali mbele ya watu kwamba anayo. Ikibakia moja tu kwangu, au mutu moja tu hajarudishiwa yake, Nadège anaacha kazi.

Kuku moja! Mutoto mwenye diplome ya université, kazi yake imening'inia ku mukia ya kuku.

Jioni Mama Bénite alifika, na bado sijafungua kinywa akaanza: "Bénite yangu ametolewa! Ulikula jogoo yangu, ukatapika mutoto yangu!"

Alisema hayo mbele ya kisima, batu na bidon zao banasikiliza. Nilibeba bidon yangu bila kuijaza, nikarudi nyumbani.

26 octobre

Nilipanda Beni na Maulidi. Barabara iko potopoto mupaka nusu ya gurudumu, tulisukuma mara nyingi. Njia yote nilikuwa ninapanga matusi yangu. Nitamuambia: mutoto gani anamuuza mama yake kwa mugeni? Nilikubeba, nilikunyonyesha, neno moja tu la kuninusuru ulikosa?

Nikamukuta Nadège mbele ya chumba chake anafua. Yeye mwenyewe, na mikono. Amekonda. Matusi yote ikaniruka.

"Ungesema tu soko," nikamuambia. "Muzungu angejuaje? Kiingereza sikijui, wewe peke yako njo ulikuwa na ufunguo."

"Maulidi anakijua."

"Maulidi ni mutu wetu!"

Akakamua nguo, akaianika, akashika ingine. "Mama, ile siku ya kitabu, baba alificha mukono yake chini ya meza. Uliona?"

"Niliona."

"Patron wake alijua sheria. Aliijua vizuri, alikuwa nayo mu bureau yake. Alichagua tu mahali pa kuitafsiri na mahali pa kunyamaza." Akavuta pua. "Mimi nikianza kuchagua, nitaanza na wewe, kisha rafiki, kisha patron. Halafu mutu akikatwa kidole, nitamupa sukari."

Niliangalia vidole vyake ndani ya povu, vyote kumi.

"Na ule Bénite," nikasema, "ulimuchukua juu ya simu yangu?"

"Mama, Bénite nilimuchukua juu alinusa masanduku tatu ya kakao, akaniambia hii imevunda siku moja kupita kiasi. Na ilikuwa kweli. Jina yenye ulinitajia nusura imukoseshe, nilitaka kumuondoa juu yako."

Nyamuhanga, Mungu wangu. Nusura nimutoe ule binti na kinywa, na nilikuwa ninajisifu nimemuingiza.

28 octobre

Nimeanza kurudisha. Nilifunga miguu ya kuku, nikaiweka chini ya kitenge, nikaenda kwa mama ya Mathe na maneno ya pole tayari.

Alisimama mu mulango. Alipoona kichwa ya kuku akarudi nyuma. "Mama Nadège, nilikukosea nini? Mathe amekosa kazi, na sasa unatukata kabisa?"

Nilisahau, au sikusahau, sikutaka tu kukumbuka. Kuku yenye imefunguliwa kwako, ukiirudisha imefungwa, unasema: kwetu na kwenu kumeisha. Batu banarudishaka hivyo wakati wa kuvunja uchumba. Nikamueleza sheria, nikamueleza Danemark. Akasema: "Sheria yao si inalinda mufanyakazi? Mathe hata si mufanyakazi. Peleka kuku yako." Akafunga.

Nilizunguka kwa bengine. Bote vilevile. Mama Bénite hata hakufungua, alisema tu kupitia dirisha: "Jogoo yangu iko mu tumbo ya muzungu. Irudishe kutoka pale."

29 octobre

Kuku zote ziko hapa, toa tu zenye tulikula. Mvua.

30 octobre

Nimeona kitu leo, na nimecheka peke yangu mupaka Siméon akakuya kuangalia kama nina homa.

Asubui nilitoa kuku nje zikule, bila kamba, na nikasahau kufunga kipito cha lupango, mulango wa uzio wetu. Ile konda ya mama ya Mathe ilitoka. Ikavuka barabara, ikapita kando ya duka, ikashuka mu kichochoro, na mimi nyuma yake na kanga yangu mukononi. Ilienda moja kwa moja kwao! Ikapita kati ya miguu ya mama ya Mathe ikaanza kudonoa mahindi yake.

Akaniona. Nikamuona. Nikanyamaza. Kwa mara ya kwanza mu maisha yangu nilijua kunyamaza.

Polepole akainama, akaishika, akasema kwa sauti ya majirani bote kusikia: "Kumbe uko hapa, mupotevu! Tulikutafuta sana!"

Kuku imerudi kwa miguu yake. Hakuna mutu aliirudisha. Hakuna mutu amekatwa.

1 novembre, Watakatifu Wote

Wacha nieleze vizuri, juu ninajua batu bataongeza.

Baada ya misa, na nguo yangu ya bamama katolika, nilifungua kipito. Nilichukua fimbo ndogo na mahindi mu kikombe, nikatembeza kuku zote mu barabara ya quartier, bila kamba hata moja. Batu ya moto, wale ba taksi ya pikipiki, balisimama. Mutu moja alipiga kelele: "Mama, unapeleka jeshi wapi?" Nikasema: "Zinaenda kwao, mimi ninatembea tu!"

Kila lupango yenye tulifikia, kuku yake iliijua, ikaingia. Na kila mama alitoka na ile maneno moja: oh, kumbe ulipotea! Jinsi walivyofahamu, sijui, habari ilikuwa imenitangulia. Zenye tulikuwa tumekula nyumbani, nilitoa mu zangu za mayai. Hizo hazikujua njia, niliziongoza na mahindi punje kwa punje, mugongo umeinama, mu nguo ya misa. Siméon alikuwa nyuma na Maulidi, balisema balikuya kuwa mashahidi, mais balikuwa banacheka tu.

Nikabakia na moja. Madame, kuku yangu nyeupe, mama ya kuku zangu zote, yenye inalalaka ku dirisha la jikoni. Nikaipeleka mupaka mbele ya Mama Bénite. Nikamwanga mahindi. Ikaingia.

Mama Bénite alitoka, mikono mu kiuno. Aliitazama Madame mbele, akaitazama nyuma.

"Mama Nadège. Ile yangu ilikuwa jogoo. Nyekundu."

"Njo hii."

"Imetoka kwangu mwanaume, imerudi mwanamuke?"

"Mama Bénite, tuko mu inchi ya kigeni. Hapa maajabu haikosekane."

Alijikaza. Niliona midomo inatetemeka. Kisha akapasuka kucheka, akashika nguzo ya nyumba, machozi ikamutoka, na mimi nikashika nguzo ya upande mwingine. Aliposhusha pumzi akasema, mbele ya batu bote na mashahidi yangu wawili: "Ni yangu. Nimeipata."

Kisha, kwa sauti ya chini: "Mais Bénite je?"

"Bénite anajua kunusa kakao," nikamuambia. "Mimi ninajua kuongea tu. Hazifanane."

3 novembre

Dirisha la jikoni liko wazi. Madame haiko.

9 novembre

Bameanza kuchagua batu upya mu salle ya paroisse ya Beni. Jury ni ya batu bengine, moja ametoka Goma, mwingine Kisangani. Nadège hakuruhusiwa kuingia. Maulidi anasema alikaa nje chini ya mwavuli siku muzima.

14 novembre

Bénite amechukuliwa tena! Batu wenye hawanijui, hawajui mama yake, hawajui kuku. Balimupa masanduku, akanusa, akasema ukweli wake.

Mathe naye amechukuliwa safari hii, mu kazi ya kuanika.

Basi ile jogoo nyekundu ilikufa bure. Nimekaa na hilo wazo siku yote. Ingalikuwa hai, inaimba ng'ambo ya barabara, na Bénite angekuwa na kazi ileile.

15 novembre

Simu iliita. Nadège.

"Mama, nimebakia na kazi."

Nilipiga vigelegele mupaka mbwa ya jirani ikajibu. Kisha akanipa masharti: hapana kufika ku mulango ya depo. Hapana kuleta mutu. Hapana kuleta chakula kwa mukubwa. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikamuuliza: "Na nyumbani, utakuya kula?"

"Unapika nini?"

"Maharagi."

"Ya kununua?"

"Ya soko! Nitakuwekea na mama muuzaji uongee naye!"

Akacheka. Tangu ile siku ya jogoo sikuwa nimesikia ile kicheko. Nilibana simu ku sikio mupaka likauma.

17 novembre

Amekuya. Amekula. Baba yake aliweka mikono yote miwili juu ya meza.

23 novembre

Leo nilikuwa mu jeep ya Maulidi, ninapeleka mafungu ya kitunguu Beni. Nyuma alikuwa mwanamuke moja wa Eringeti, simujui, anaongea kupita mimi, na hiyo si kitu kidogo. Tulipopita ile njia ya Mangina akaonyesha paa mupya ya depo, akasema:

"Munaijua ile? Banasema mwenye kuajiri pale ni binti moja Munande wa Butembo, moyo wake jiwe. Mama yake alijisifu kwa meza, na ule binti akamutafsiria muzungu maneno yote, neno kwa neno, mbele ya uso wa mama. Mutoto gani huyo! Mimi ningekuwa mama yake, ningejificha."

Maulidi alinitazama mu kioo. Alingoja. Jeep nzima ilingoja, hata kitunguu.

Nikageuka na mwili muzima, nikatengeneza kilemba yangu vizuri.

"Mama," nikamuambia, "ni mimi. Ule ni Nadège yangu, wa tatu, nilimuzaa mu mvua. Na alitafsiri yote kweli. Hakupunguza hata neno moja, na mimi mama yake nilikuwa pale pale nikimusukuma na kiwiko."